Plagi ya Baba Mdogo

Nilipiga kiki mpaka unyayo ukafa ganzi. Pikipiki ya marehemu baba ikakohoa mara moja, ikatoa moshi mwembamba kama wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha, kisha ikanyamaza. Nikapiga tena. Safari hii haikutoa hata kikohozi.

"Imewaka?" dada aliuliza kutoka ndani.

"Si ungeisikia?"

"Basi fanya upesi! Mshale umeshuka tena."

Mshale aliousema ulikuwa kwenye geji ya mtungi wa oksijeni, na mtungi wenyewe ulisimama kando ya kitanda cha mama kama mlinzi mfupi aliyevaa kofia ya shaba. Mapafu ya mama yaliharibiwa na moshi. Alipika kwenye jiko la kuni la shule tangu mimi sijazaliwa, akiwapikia watoto ambao leo ni watu wazima wanaompita njiani bila salamu. Siku za kawaida alipumua kwa mashine ya umeme, sanduku linalonguruma pembeni ya kitanda mchana na usiku. Dhoruba ilipoangusha nguzo, umeme ukakatika mtaa mzima na sanduku likanyamaza. Tukahamia kwenye mitungi yetu miwili ya akiba. Mmoja uliisha jana. Wa pili ndio huo dada aliokuwa ameukodolea macho.

Bohari la gesi lilikuwa ng'ambo ya mto, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, lilikuwa linafunga adhuhuri mpaka Jumatatu. Daraja lilikuwa limeliwa na maji upande mmoja, kwa hiyo gari la wagonjwa lisingeweza kutufikia. Kilichopita pale ni mguu wa mtu na pikipiki ya kusukumwa, basi. Na mtungi wa chuma hauubebi kichwani kama ndoo.

Alfajiri nilikuwa nimekwenda njia panda kuwabembeleza vijana wa pikipiki za abiria. Mkubwa wao, ambaye hana meno mawili ya mbele na bado anacheka kuliko wenzake wote, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akatikisa kichwa.

"Dada yangu, mimi nimebeba mbuzi. Nimebeba kitanda na godoro lake. Nimewahi kubeba jeneza na mwenye jeneza akiwa ndani. Lakini hilo bomu lako silibebi."

"Si bomu. Ni hewa."

"Hata tairi lina hewa, na ukiliuliza lililopasuka litakuambia."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, nao wakaona aibu, lakini aibu haibebi mtungi. Hata hivyo sikuwalaumu sana. Pikipiki zao zina kiti cha nyuma tu, na mtungi ni wa mviringo, mzito, unateleza. Yetu peke yake ndiyo ilikuwa na fremu. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na nyuma ya kiti alikuwa amejichomelea kitanda cha chuma chenye mikanda miwili ya ngozi, cha kulazia mitungi ya kazi yake. Alikufa akaiacha pikipiki, kitanda na mikanda, na mimi ndiye niliyejua kuiendesha.

Kwa hiyo pikipiki isipowaka, mama hapumui. Hesabu ilikuwa fupi namna hiyo.

Na nilijua kinachoisumbua. Wiki iliyopita fundi pikipiki aliifungua, akaitazama plagi kama daktari anayetafuta maneno ya upole, akasema, "Hii imezeeka. Inatoa cheche ya kuombewa. Nunua mpya kabla haijakuaibisha." Nikasema nitanunua, kama tunavyosema wote.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja juu ya pikipiki, na ilikuwa na nguvu kuliko sheria ya kunawa mikono. Tundu la plagi halikai wazi. Baba aliishi katikati ya vumbi la chuma. Siku moja, kabla sijaanza shule, aliitoa plagi, akageuka kuchukua nyingine, na chembe ya chuma iliyokuwa inaruka kutoka kwenye kazi ya mwenzake ikaingia tunduni. Ilikwangua silinda mpaka pikipiki ikawa pambo la ukutani, na baba akatembea kwa miguu msimu mzima wa mvua. Tangu hapo alitufundisha mimi na baba mdogo, na kila mtu aliyewahi kushika spana mbele yake: plagi kuukuu haitoki mpaka mpya iwe kiganjani mwako. Nilikuwa mdogo nikidhani ni amri ya dini.

Basi nikaiacha plagi mahali pake, nikakimbilia duka la vipuri mikono mitupu.

Muuza vipuri alikuwa anafungua mlango. Nikamtajia aina ya pikipiki kabla hajamaliza kukunja lango la bati.

"Hiyo hiyo ya vijana wa njia panda?"

"Jina ni hilo hilo."

"Basi plagi ni hiyo hiyo." Akapapasa rafu, akanipa kijisanduku. "Una haraka kama unafukuzwa."

"Nafukuzwa."

Nilirudi mbio. Nikaingiza ile spana ndefu ya bomba juu ya plagi kuukuu na kuvuta. Haikusogea. Ilikuwa imeoana na chuma miaka na miaka. Nikapachika kipande cha bomba kwenye mpini ili uwe mrefu, nikaegemea kwa uzito wangu wote huku nikiita majina ya wahenga niliowajua na niliowatunga. Ikaachia ghafla, spana ikapinda upande, nikasikia kitu kikilia *ka*. Kauri nyeupe ya juu ilikuwa imepasuka mpaka chini. Haikuwa na maana tena, hata ya kusafishwa.

Haidhuru, nikajiambia, mpya iko kiganjani. Nikaitoa kwenye sanduku lake, nikaishusha tunduni, nikazungusha.

Haikushika. Ilizama na kucheza humo ndani kama kidole kwenye mdomo wa chupa. Nikaitoa nikazilinganisha. Mpya ilikuwa nyembamba. Pikipiki za vijana zilikuwa na jina kama la yetu, ila zilitengenezwa miaka mingi baadaye, na watengenezaji walibadilisha mambo bila kuniuliza.

Dada alitoka na upepeo mkononi. Ananizidi kwa umri na kwa sauti, na watu wa mtaani humwita Honi.

"Nini tena?"

"Si yenyewe. Ni nyembamba."

"Kwani hukwenda na ile kuukuu waione?"

"Ningeacha tundu wazi?"

"Ungeziba na kitambaa, kichwa maji wewe!"

"Baba alisema—"

"Baba amekufa!" Sauti ilimpanda kisha ikamvunjikia. "Baba ndiye aliyekufa. Mama bado."

Nikachana pindo la fulana yangu, nikasokomeza tunduni, nikarudi dukani na plagi zote mbili ngumini.

Muuza vipuri aliigeuza ile iliyopasuka kwenye mwanga. "Ooh. Hii ni ya zile za kizamani. Ungenionyesha tangu mwanzo."

"Nionee huruma, kaka, nisomee lawama kesho. Ipo?"

"Zilikuwa zimebaki chache tangu mwaka juzi, hazinunuliwi. Ya mwisho niliiuza jana."

"Kwa nani?"

"Bwana mmoja mrefu. Ana pikipiki kama unayosema, ya bluu, ameisugua inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Anaongea kama anahutubia."

Sikumuuliza jina. Baba na mdogo wake walinunua pikipiki zao siku moja, kwa muuzaji mmoja. Baba alichukua nyekundu. Baba mdogo akachukua ya bluu.

Nilimkuta uani kwake, kifua wazi, taulo begani, ametoka kunyoa ndevu. Mama mdogo alikuwa anapiga pasi shati jeupe kwa pasi ya mkaa, akipuliza majivu yasiangukie kola. Pikipiki ya bluu iliegemea ukuta wa jiko. Ningeweza kujitazama kwenye tangi lake.

"Karibu, Spana," alisema. Ndilo jina aliloniita tangu utotoni. "Mbona fulana imechanika? Umepigana na nani?"

"Shikamoo baba mdogo. Naomba plagi yako."

"Marahaba. Plagi yangu ipi?"

"Uliyonunua jana. Mtungi wa mama unaisha, pikipiki haiwaki, na bohari linafunga adhuhuri. Nikirudi nakurudishia."

Akacheka kidogo, kisha akaona nisivyocheka. "Mwanangu, unajua leo ni siku gani?"

Nilijua. Ukoo mzima ulijua. Tangu ghala alilolinda lilipofungwa, baba mdogo alikuwa amekaa nyumbani mpaka kiti chake kikachukua umbo lake. Sasa kiwanda cha mikate kilitafuta msambazaji mmoja. Waombaji waje asubuhi hiyo na pikipiki zao wenyewe, ziwashwe mbele ya meneja, zizungushwe uwanjani. Pikipiki ya kuazima haikubaliki, na anayechelewa hasikilizwi.

"Nikitoka huko mchana," alisema, "chukua plagi, chukua na pikipiki nzima, mchukue na mama yako mdogo akusukumie."

"Mchana bohari limefungwa."

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu hatafika."

Akashusha pumzi. Hakukasirika, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. "Sikiliza. Shemeji yangu amekuwa akifa tangu mwaka jana. Mara mbili dada yako amenipigia makelele ya msiba. Mara mbili nimeacha shughuli zangu nikakimbia. Mara ya kwanza nilimkuta anakula muhogo. Ya pili alinilaumu sikubisha hodi."

Ilikuwa kweli. Honi ni Honi.

"Leo si kama siku zile."

"Na mimi leo si kama siku zile. Nina watoto wanne wanaonitazama kama samani." Akaingia ndani, akarudi na kitu kwenye kipande cha gazeti. "Hii ndiyo niliyoitoa jana. Ilikuwa inawaka kwa tabu, lakini ilinifikisha dukani. Ipige msasa. Itakufikisha bohari na kurudi. Haya nenda, usinitie mkosi."

Alinipa kwa moyo mweupe. Nalisema hilo kwa sababu baadaye watu walitaka niseme alininyima kabisa, wapate pa kushika. Hakuninyima. Alinipa alichoweza kutoa bila kupoteza kitu.

Nyumbani niliikwangua plagi ile mpaka ncha yake ikang'aa. Nikapima mwanya kwa ukucha, nikauzibua kwa waya. Kisha nikaivika kofia ya waya wake, nikailaza juu ya injini chuma kwa chuma, nikajifunika kanga mimi na injini tuwe gizani, nikapiga kiki kwa mkono.

Unatafuta cheche ya bluu. Ndogo tu, kama jicho la paka linalofunguka na kufumba. Nikapiga tena. Nikageuza plagi, nikapuliza, nikaisugua kwenye suruali, nikapiga. Giza tupu chini ya kanga, na harufu ya petroli, na mimi humo ndani nikiwa nimeanza kulia kwa hasira, kimya, ili dada asisikie.

Alinisikia. Alisimama juu yangu na kunong'ona, yeye ambaye hajawahi kunong'ona hata kanisani.

"Nimeupunguza mtungi tena. Chini ya hapo ni kufunga kabisa." Halafu, "Anakuita."

Mama alikuwa ameegemezwa mito yote ya nyumba. Mrija ulimpita chini ya pua kama sharubu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa rangi ya zambarau, na shimo la koo lilizama kila alipovuta. Siku hizo alisema maneno machache, akiyachagua kama mtu anayechambua mchele, kwa kuwa kila neno lilikula pumzi.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mwongo." Akapumzika. "Shemeji... amesaidia?"

"Amesaidia."

Akanishika kidole gumba. Mkono ulikuwa baridi kama bomba la maji. Alinitazama kwa macho makubwa ya mtu anayezama huku amekaa kitandani, na niliona kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona mama akiogopa. Hata siku walipomletea maiti ya baba alikuwa anatoa amri.

Nilikichomoa mkononi mwake kidole changu, nikachukua spana.

Nyumba ya baba mdogo haiko mbali ukipita nyuma ya mabanda ya matofali. Nilipita nyuma. Spana nilikuwa nimeichomeka kiunoni na plagi mbovu ilikuwa mfukoni. Kutoka bafuni, ile pembe ya mabati isiyo na paa, nilisikia maji yakimwagika na baba mdogo akiimba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuajiriwa. Mama mdogo alikuwa ndani akitafuta soksi. Alikuwa anauliza watoto ni nani aliyefanya soksi ya baba kuwa mpira.

Nikapiga goti kando ya pikipiki ya bluu. Nikavuta kofia ya waya. Nikaingiza spana, na plagi mpya ikazunguka kwa ulaini ulioniuma moyo, kwa sababu aliipaka mafuta kidogo kwenye hesi zake za kukazia, kama baba alivyotufundisha. Ikatoka nzima, nyeupe kama jino la mtoto.

Ningesimama hapo hapo na kukimbia. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. Ukaitoa ile plagi iliyokufa, ukaishusha tunduni, ukaikaza, ukairudishia kofia yake. Sikuwaza kuficha. Sikuwaza chochote. Nilikuwa na tundu wazi mbele yangu, na mkono wangu ulifundishwa jambo moja.

Kisha nikakimbia.

Pikipiki nyekundu iliwaka kwa kiki ya pili. Ilinguruma kwa hasira ya mzee aliyeamshwa, na majirani wakatoka milangoni. Dada alinisaidia kulaza mtungi mtupu kwenye kitanda cha chuma, tukavuta mikanda mpaka ikalia. Hakuniuliza nimeipata wapi. Aliniangalia usoni mara moja na kugeuka.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka daraja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita juu ya kipande kilichozama, na kilichobaki cha kupita ni ukingo wa zege wenye upana wa kitanda cha mtoto. Nikazima injini, nikaomba moyoni iwake tena, nikasukuma. Mtungi mtupu ulikuwa mwepesi kiasi. Kwenda haikuwa shida.

Mlinzi wa bohari alikuwa amekwisha kuvuta nusu ya lango.

"Tumefunga."

"Nusu ya lango bado inaniona."

"Jumatatu, mama."

"Mzee wangu, nina mgonjwa asiye na Jumatatu."

Aliniangalia, matope mpaka magotini, fulana isiyo na pindo, akamwangalia mtu wa gesi aliyekuwa anavua glovu. Mtu wa gesi akazivaa tena. Akaulaza mtungi uliojaa nyuma yangu kwa mikono yake, akaugonga kwa kofi. "Usianguke," alisema. "Ukianguka, uanguke wewe, usianguke nao."

Kurudi ndiko kulikoniua. Mtungi uliojaa si uzito wa kulinganisha. Katikati ya ukingo wa zege gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikaegemea upande wa maji, na mimi nikawa nimeishikilia kwa tumbo, kwa kidevu, kwa kila kitu, mguu mmoja ukiwa majini mpaka pajani. Sikuweza kusogea mbele wala nyuma. Nikapiga kelele. Mwanamke aliyekuwa anavuka na beseni la nguo alilitupa beseni, akadaka mkanda wa ngozi na kuvuta huku akinitukana kwa sauti kuu, matusi mazito, ya kiufundi kabisa, mpaka tukafika nchi kavu. Nguo zake zilikwenda na maji. Nilimwambia asante, akaniambia ondoka kabla sijakupiga.

Injini ikakataa kiki ya kwanza. Ya pili. Nikalilalia tangi, nikaiambia, "Tafadhali." Ikawaka.

Nilipoingia uani dada alikuwa mlangoni, hana hata sauti ya kupiga kelele. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Mama alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu, na kilichopanda hakikutosha. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiona. Tukauburuta mtungi. Sikuweza kufunga kichwa cha geji, spana ikanidondoka, dada akaiokota, akafunga yeye. Hewa ikalia *sss* kwenye mrija.

Tulikaa sakafuni na kumtazama. Kwa muda mrefu hakubadilika. Dada alikuwa ameanza kutikisa kichwa, taratibu, kama anayekataa chakula. Ndipo shimo la koo la mama likapunguza kuzama. Midomo ikachelewa, ikachelewa, kisha rangi ikaanza kurudi kutoka katikati kwenda pembeni. Alifumba macho. Kifua chake kikapanda na kushuka chenyewe, bila vita.

Dada akafunika uso kwa upepeo.

Baba mdogo alikuja jua lilipokuwa limepinda. Alikuja kwa miguu, akiwa amevaa lile shati jeupe, sasa limeganda mgongoni na lina doa la mafuta tumboni. Alibisha hodi. Aliingia, akamtazama mama aliyelala akipumua, akatazama mtungi, akaketi kwenye kigoda. Kisha akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na ile plagi mbovu.

"Nilifikiri ni petroli," alisema. Hakuwa anahutubia. "Nikafungua tangi. Nikafikiri ni kabureta, nikafungua kabureta, na shati nimekwisha kulivaa. Plagi sikuigusa. Kwa nini niiguse? Niliiweka jana kwa mkono wangu, mpya. Nilipiga kiki mpaka mama yako mdogo akaniomba niache. Ndipo nikaifungua hii, muda ukiwa umekwisha."

Nikaitazama plagi ile kiganjani mwake.

"Ungeiacha wazi, Spana. Ungeondoka na plagi yangu, ukaacha tundu wazi, ningeliona hapo hapo nikitoka bafuni. Ningekimbia njia hii, ningekukuta hapa kabla hujaondoka, tungezungumza. Au ningekimbilia kule kwenye mikate kwa miguu nikawaeleza nimeibiwa, wakaniona mapema. Lakini wewe uliniwekea maiti tunduni na ukaivika kofia."

"Mkono wangu haukujua kuliacha wazi," nilisema. "Unajua ulifundishwa na nani."

"Najua." Akafunga kiganja. "Na mimi alinifundisha. Ndiyo maana sikuwaza kuifungua."

"Wamempa nani kazi?" dada aliuliza.

"Mtu mwenye pikipiki inayowaka."

Mama alikuwa amefumbua macho. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini mama husikia hata ya kwenye nyumba ya tatu. Akainua mkono kutoka kwenye shuka, akaninyooshea.

"Mwombe... radhi... baba yako."

"Mama, pumzika."

"Piga goti." Akavuta hewa, hewa niliyoileta mimi. "Mwombe."

Dada akanisukuma begani. "Si uombe tu yaishe? Neno moja."

Baba mdogo hakusema niombe, wala hakusema nisiombe. Alinitazama kwa macho mekundu ya mtu aliyeamka na matumaini, na nilimpenda, na ningempa kitu chochote nilichokuwa nacho ndani ya chumba kile, isipokuwa hicho kimoja kilichotakiwa. Nikainuka, nikatoka uani, nikaifungua plagi yake ikiwa bado na joto, nikaifuta vizuri. Nikarudi, nikaiweka juu ya goti lake.

"Plagi yako hiyo," nilisema. "Kazi yako imepotea kwa mkono wangu, na yeyote atakayeniuliza nitamwambia hivyo. Watoto wako nitawapikia, nitawafulia, nitafanya nitakachoambiwa. Lakini mama anapumua. Ukiirudisha asubuhi ya leo kama ilivyokuwa, baba mdogo, nitapita nyuma ya mabanda ya matofali na spana ile ile. Radhi ni ya mtu anayetamani asingefanya. Mimi siombi."

"Mwanangu..." mama alisema.

"Siombi, mama. Hata kwako."